Habari ya Mama Nyaboke haikusomwa

Leo nimeaibika mbele ya watu walioniandalia chai.

Mimi ni mwanahabari wa redio hapa Bomet. Jana nilimhoji Mama Nyaboke wa Boito. Amechuma chai tangu usichana wake, na sasa shamba limeleta mashine na kumwachisha kazi.

Tulipomaliza akaniambia, "Kijana wangu, kesho uje tusikilize pamoja."

Basi leo mchana nikaenda. Majirani walikuwa wamejaa kwake, redio imefunguliwa sauti yote.

Habari zikaanza.

Zikaisha. Mama hakusikika.

Likaja tangazo la wenye shamba, wakijisifu vile wanavyojali wafanyakazi.

Hakuna aliyeniangalia. Nikatoka nje nikampigia mhariri. Akanijibu kwa upole, "Ndugu yangu, matangazo yao ndiyo mshahara wetu. Unataka tufunge redio?"

Nikakata simu.

Nilirudi ndani nikamweleza Mama kila kitu. Akauliza, "Na wewe ukisema, watakufuta kazi?"

"Inawezekana, Mama."

"Basi wewe usiseme. Shika hiyo simu, niseme mwenyewe. Mimi kazi wameshachukua."

Video ndiyo hii hapa chini. Jina lake nimeliweka kwa ruhusa yake.

Msikilizeni mpaka mwisho, kisha mniambie kama hiyo si habari.

Mama alitaka kunikinga, najua. Lakini ukurasa huu una jina langu, na mhariri wangu wa redio naye ni mmoja wenu mnaousoma.