Msitu Una Wenyewe

Juzi, kwenye msitu wa kaya kule Rabai, ule mtakatifu wa mababu, nilimsikia mwalimu akiwaonya wanafunzi wake wasitoke humo hata na kijiti. Mtoto mmoja akauliza, "Hata kilichoanguka chenyewe?" Nikacheka, maana mimi nilifika mbali zaidi ya hapo.

Nilipokuwa mtoto, mchana mmoja bibi alinipitisha kaya hiyo tukiwa pekupeku, viatu mkononi. Kivuli kilikuwa baridi, kikinuka majani yaliyooza. Kando ya njia nikaokota kijiti chenye panda, kikavu, kizuri ajabu kwa manati ya kupigia ndege. Nikakigeuza mara mbili kama mnunuzi. Nyumbani manati yangu ilikuwa imevunjika, na sikuwa na raha.

"Kiweke chini," bibi akasema. "Msitu huu una wenyewe."

Mimi mtoto wa sokoni nikaelewa kwamba kama wenyewe wapo, bei nayo ipo. Nikapaza sauti, "Hodi wenyewe! Mwauzaje?"

Bibi akaniziba mdomo, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. "Nyamaza we! Hawa hawauzi."

"Hata tukipatana?"

"Hata mkipatana."

Hapo kitu kikubwa kikapita juu yetu, mabawa yakivuma mpaka nikausikia mvumo kifuani. Kikalia mara moja, kama mtoto mchanga, kisha msitu wote ukanyamaza. Nikatazama juu, na miti haikuwa na mwisho.

Leo najua alikuwa ndege, hondohondo. Siku ile nilijua nimejibiwa. Nikakirudisha kijiti palepale, kwa mikono miwili.