Ukuta wa Nyuma

Nilipoanza kujifunza kuchora ramani za nyumba kwa kompyuta, pale chuoni Utemini, sikuiamini ile programu. Niliingiza vipimo vya nyumba yetu ya kijijini Mgori, lakini kuta zikakataa kukutana kwenye kona. Nikashuku programu imechakachuliwa.

"Kapime tena, kaka," mwalimu wangu akasema. Binti mdogo kwangu kwa miaka mingi! Nikahisi ananificha kitu.

Jumamosi nikaenda Mgori na futikamba, nikapima mara tatu. Ukuta wa nyuma ulikuwa umepinda kweli. Nikamwita Mama, nikamwonyesha.

"Marehemu baba yako alikuta mwamba kwenye msingi, akaukwepa," akasema. "Alinikataza nisimwambie mtu."

Jumatatu nikauchora ukuta ule ulivyopinda, na kuta zote zikakutana kwenye kona.