Konzi la Mama Kifua

Kabla sijamsifu shemeji yangu, nitajisifu kidogo mwenyewe, maana nikianza na yeye nafasi yangu itamezwa. Mimi ndiye mtwangaji wa ile dawa ya kikohozi ambayo mtaa mzima unaijua. Tangawizi yote iliyowahi kuingia kwenye chupa zake imepita chini ya mchi wangu. Shule niliishia darasa la sita, lakini lilikuwa darasa la sita la wakati ule, siyo haya ya siku hizi ambapo mtoto anamaliza chuo na bado hajui kuchochea moto.

Haya, sasa yeye. Ni mke wa kaka yangu mkubwa, dereva wa lori, mtu anayefika nyumbani kama mgeni wa heshima na kuondoka kabla hajazoeleka. Watu humwita Mama Kifua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni dawa yenyewe, ya kifua. Ya pili ni kwamba ana kifua kweli: ukimwambia siri leo, utazikwa yeye akiwa bado hajaitoa. Mimi kifua cha namna hiyo sikujaliwa, na ndiyo maana habari hizi zimewafikia.

Miaka kumi na mmoja aliosha chupa kiwandani, chupa za dawa za watu wengine. Kazi ilikuwa kusimama kwenye sinki refu, kuingiza brashi, kuzungusha mara tatu, kusuuza, kupindua. Anasema siku moja alijiuliza kwa nini mikono yake imeshika maelfu ya chupa na haijawahi kujaza hata moja. Mama yake alikuwa akichemsha majani ya mpera na kivumbasi mtu akikohoa, kama akina mama wengi. Yeye akayachukua majani yale yale akayatia adabu ya kiwanda. Hukaushwa kivulini, kwenye sinia pana, chini ya chandarua, nzi asipate pa kutua. Chupa huchemshwa robo saa. Sufuria huchemka taratibu mpaka maji yashuke kwenye alama aliyoikata kwenye kijiti, ndipo achuje kwa kitambaa mara mbili, angoje ipoe, atie asali. Ukitia asali ikiwa bado motoni anakufukuza jikoni. Nimefukuzwa mara mbili.

Wala hamuuzii kila mtu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi, kwa sababu ya asali. Aliyekohoa zaidi ya wiki mbili, au anayetoa damu, au anayekonda, haonyeshwi hata chupa. Anaonyeshwa barabara ya hospitali. "Kapimwe kwanza, kisha uje unitukane," ndivyo anavyowaambia. Ana pia dawa ya kupaka, ya viungo vilivyovimba: manjano na tangawizi ndani ya mafuta ya nazi na nta ya nyuki. Hiyo hupaka rangi kila inachogusa, ikiwemo mito ya kaka yangu.

Kitu kimoja tu hakutoka nacho kiwandani, nacho ni kipimo. Majani aliyapima kwa konzi. Makonzi sita ya mpera, matatu ya kivumbasi: mkono unaingia kwenye gunia, unafumba, unatoka. Miaka kumi na tisa, konzi lile lile, ladha ile ile. Nami konzi la mkono ule nililijua kwa njia mbili, maana kila nilipomtania kupita kiasi lilinitua utosini. Shemeji ni shemeji. Utani ni haki yangu na konzi ni haki yake.

Mambo yalianza kuharibika kwa Mwalimu. Huyu ndiye aliyenifundisha darasa la sita, na alipostaafu alibaki na kikohozi kikavu ambacho hospitali walikipima wakakuta mapafu ni mazima, ni koo tu lililochoka kufokea watu kama mimi. Kila mwezi huja kuchukua chupa yake. Siku hiyo alikuja na ya zamani ikiwa bado nusu, akaiweka mezani.

"Mama, hii chai yako nimeipenda," akasema. "Sasa nipe dawa."

Shemeji akacheka. Mwalimu hakucheka.

Wiki hiyo hiyo akaja binti wa shemeji na sura ndefu. Binti huyu ni fundi wa maabara katika chuo kinachochunguza dawa za mimea. Mimi ni baba yake mdogo, na akili alizonazo kazitoa upande wangu. Ndiye aliyemshawishi mama yake apeleke chupa tatu kutoka sufuria tatu tofauti. Zikionekana zinalingana, chuo kinaandika barua, barua inafungua njia ya kibali, na kibali kinaiweka dawa kwenye rafu ya duka lililo mkabala na hospitali, bega kwa bega na zile dawa alizokuwa akizioshea chupa. Hilo shemeji yangu alilitamani tangu siku aliyoliacha sinki.

"Hazilingani, mama," binti akasema. "Ya kwanza ina nguvu kiasi, ya pili imepungua, ya tatu ndiyo hafifu kabisa. Mkuu wa maabara anasema ni kama zimepikwa na watu watatu ambao hawasalimiani."

"Nimepika mimi. Zote."

"Najua. Wametupa mwezi mmoja tupeleke nyingine tatu. Zikikataa tena, jina lako linatoka kwenye orodha."

"Zikikataa tena naacha kupika," shemeji akasema. "Siwezi kuwauzia watu maji ya majani."

Akaanza kumtafuta mchawi. Akabadilisha gunia. Akabadilisha makaa. Akamfokea muuza majani. Akaushuku mpera wenyewe, mti ambao hauna hata mdomo wa kujitetea. Walipokwisha wote, nikabaki mimi.

"Shemeji, nikuulize jambo, na usinizungushe."

"Uliza."

"Huwa unakunywa humu halafu unajazia maji?"

Hapo niliumia. Kunywa nilikuwa nakunywa, hilo silikatai. Mtu mwenye sauti kama yangu lazima aitunze. Lakini nilikunywa kiungwana, kijiko kwa kijiko, na upungufu niliuacha uonekane. Kujazia maji ni kazi ya mtu asiyejiamini.

"Mimi nijazie maji?" nikamwambia. "Labda dawa imezeeka pamoja na mpishi wake."

Konzi likaja. Macho nilikuwa nimeshayafumba, maana mwili umezoea. Likatua. Nikangoja maumivu, hayakuja. Nilipofumbua macho nikamkuta yeye ndiye kajikunja, mkono kaubana kwapani, midomo kaing'ata.

"Shemeji, umenipiga au umenipapasa?"

"Niache."

"Hebu niuone huo mkono."

"Mkono wa mke wa mtu unautakia nini?"

"Kaka akirudi nitamwambia niliutazama tu, sikuushika."

Akautoa. Vidole vilikuwa kama tangawizi: kila kifundo kimetokeza, kimetuna, kinang'aa. Pete ya ndoa haikuwepo; alikuwa ameivua kwa sabuni miezi minne nyuma akaificha kwenye kopo la nta. Miezi minne anawapaka watu uvimbe wao na kuwaambia wapumzike, huku wake kaufunika kwa ncha ya mtandio. Ndiko kule kuwa na kifua. Mpaka mkono wake mwenyewe aliutunzia siri.

Sasa hapa nilifanya jambo ambalo wasomi wote wa chuo hawakulifanya. Nililiburuta gunia la majani ya mpera, makavu, yaliyokwisha kupondwa, nikaliweka mbele yake.

"Chota konzi."

"Sina nafasi ya michezo yako leo."

"Chota, shemeji."

Akaingiza mkono, akafumba, akatoa. Vidole havikufika kwenye kiganja. Majani yalichuruzika katikati yake, na kilichobaki kilikuwa kiasi cha mtu anayeiba karanga huku mwenyewe anamtazama. Akakirudisha, akachota tena. Kikatoka pungufu ya hapo.

"Kumbe nimekuwa nahesabu sita," akasema polepole, "na makonzi sita yenyewe hayapo."

"Konzi la kichwani limepungua na la sufuriani limepungua. Chuo wana mashine zao. Mimi nina utosi."

Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Kulia angeweza kulia, lakini nadhani alishukuru kwamba mkosaji kapatikana.

Jumamosi binti akaleta mizani ndogo ya maabara, kaifunga kwa taulo kama kichanga. Konzi la mama yake likasoma gramu nane, kisha sita, kisha saba. La kwangu kumi na tisa. Nina mikono ya kazi. La binti tisa, vidole vya kushikia kalamu. Lakini lile la zamani, lililojenga jina, lilikuwa gramu ngapi? Hakuna aliyejua. Lilikuwa limefungiwa ndani ya mkono uliovimba.

"Tukisie kumi na tano," binti akasema. "Tupike, tuonje, tupunguze au tuongeze."

"Miezi minne nimekuwa nikikisia bila kujua. Inatosha," mama yake akasema. "Uvimbe ushuke kwanza. Mkono wenyewe unajua kipimo."

"Mama, zimebaki wiki tatu."

"Basi tuanze na hospitali."

Na kweli alijipeleka, kwa sharti lile lile analowapa watu. Daktari akaupiga mkono picha, akampa vidonge, akamwambia dawa yake ya kupaka aendelee nayo kama inamtuliza, ila mkono asiutumie. Vidonge alimeza. Kupaka alipaka. Kutoutumia mkono ndiko kulikotutoa jasho.

Sijapata kuona mgonjwa mbaya kama yule. Asubuhi nilimkuta anaosha chupa kwa mkono wa kushoto, na wa kulia "unasaidia kidogo tu". Nikampokonya brashi. Mchana nikamkuta kashika mchi. Nikauhamisha mchi ukalale kwangu. Ikabidi nivute kiti mlangoni mwa jiko nimsomee masharti yake mwenyewe, yale anayowaimbia wateja.

"Usiguse maji baridi."

"Najua."

"Usitwange, usikamue, usibebe."

"Hayo maneno ni yangu, shemeji."

"Ndiyo maana nimeyaamini. Weka mkono juu ya mto."

"Mto wenyewe umeshakuwa manjano."

"Ni wa kaka. Atanunua mwingine."

Siku kumi na mbili nilipika, nikafua, nikafagia, na kama kuna aliyesema chumvi ilizidi, huyo alikula kwa hiari yake. Siku ya kumi na tatu, asubuhi, aliniita akaunyoosha mkono juu ya meza. Haukuwa mkono wa msichana, na kidole kimoja kilikuwa bado kinakaidi. Lakini ulifumba. Vidole vilifika kwenye kiganja vikatulia.

Tukamwita binti na mizani yake. Shemeji akaingiza mkono kwenye gunia. Kumi na tatu. Akachota tena. Kumi na tatu na nusu. Tena. Kumi na tatu. Alichota mara ishirini, na mara zote mkono ulirudi pale pale, kama mtu anayeujua mlango wa nyumba yake. La kivumbasi likawa gramu kumi na moja. Binti aliandika yote.

Tulipika siku hiyo hiyo. Ilipopoa na kutiwa asali, nikamfuata Mwalimu nyumbani kwake, akaja na kijiko chake mfukoni.

"Nani kapima?" akauliza.

"Mimi. Kwa mizani."

"Wewe, uliyeshindwa na hesabu za sehemu?"

"Mwalimu, onja kwanza."

Akaonja. Akaizungusha mdomoni kama anayesahihisha mtihani. Akameza, akasafisha koo. Shemeji alikuwa kasimama mlangoni, mkono mmoja kaushika kwa mwingine.

"Hii si chai," Mwalimu akasema, na chupa akaivutia upande wake.

Tukapika sufuria tatu ndani ya siku sita. Kila mara nilipima mimi, yeye kakaa kwenye kiti, mkono mapajani, akizitazama namba za mizani kwa kijiwivu fulani. Kwenye sufuria ya tatu nilizidisha gramu moja makusudi, nimwone. "Rudisha," akasema, bila kujisogeza. Aliiona kwenye mizani au aliiona kwenye mkono wangu, mpaka leo hataki kuniambia.

Majibu yalikuja mchana, kama saa nane, sufuria nyingine ikiwa motoni. Binti aliyasoma akiwa bado na mkoba begani. Yalikuwa na maneno mengi ya kichuo, mengine niliyatikisia kichwa tu ili nisionekane sijaelewa. Mama yake akamkatisha.

"Hayo mengine baadaye. Zinalingana au hazilingani?"

"Zinalingana, mama. Wanaandika barua."

"Nisomee namba tu."

Akamsomea namba tatu, zimepishana kwa unywele.

"Tena."

Akamsomea tena. Mimi hotuba yangu nilikuwa nimeshaiandaa, nasubiri tu nipewe nafasi. Yeye akageuka akaitazama mizani iliyokuwa juu ya meza.

"Kwa hiyo mtu yeyote akifuata hizo gramu, inatoka hii hii?"

"Yeyote," binti akasema.

"Hata huyu?" Akanionyesha kwa kidevu.

"Hata Baba Mdogo."

Kisha akavua aproni, akaitundika kwenye msumari. "Basi naenda kulala kidogo," akasema. Saa nane mchana, sufuria ikiwa inachemka. Katika miaka kumi na tisa sijawahi kumwona akifanya hivyo. Akaingia chumbani, mlango akauegesha. Nikakisogeza kiti karibu na jiko, nikakishika kijiti. Baada ya muda sauti yake ikatoka ndani, imeshaanza kulegea.

"Shemeji, maji yamefika wapi?"

"Vidole viwili juu ya alama."

"Haya."

Nikangoja aulize tena. Hakuuliza.