Kisima cha Kaka Bakari

Mwanangu, asubuhi ile ya mkutano wa Hashimu hapa Mitole bado imenikaa kifuani. Kaa nikusimulie.

Hashimu huyu, mwanasiasa ambaye akihutubia hata mabega yanahutubia, ni mwenzangu wa jando moja. Alipanda jukwaani akasema, "Kisima cha shuleni nilikichimba kwa mikono yangu hii." Vigelegele. Mke wangu mwenyewe akamtandikia kanga apite juu yake, kanga niliyomnunulia mimi Idi iliyopita, na mimi hata kuikalia sijaruhusiwa. Wivu ulinishika mpaka mate yakawa machungu.

Kisima kile alikichimba marehemu kaka yangu, Bakari. Mimi nilikuwa juu nikivuta ndoo za udongo, na wengine waliokuwepo wametangulia mbele ya haki. Ningesema hilo tu, lingetosha. Lakini nilitaka Hashimu achekwe. Nikaazima simu ya jirani, maana yangu ya kitochi, nikarekodi sauti, nikaisambaza: kisima si chake, tena jandoni alikimbia. Sauti ikafika Kilwa Masoko sijamaliza chai.

Kesho yake akaja Zaituni, mjukuu wa dada yangu. Yupo redioni, kazi yake kuchunguza wanayosema wanasiasa na wanayosemewa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Nimetoka kwa mzee aliyewatunza jandoni. Anasema kweli yupo aliyekimbia."

"Si nilisema."

"Anasema ni wewe. Alikurudisha kakushika sikio."

Mke wangu huko jikoni alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. Na ni kweli, mwanangu, nilikimbia. Nilikuwa nimelisukuma mbali jambo hilo miaka yote.

"Na kisima?" nikauliza.

"La kisima nakuamini, babu. Hashimu nimemuuliza alichimba mwaka gani, akanijibu kwa kuimba. Lakini shahidi umebaki peke yako, na watu sasa wanakujua kwa lile la jandoni."

Redioni akatangaza: la jando ni uongo, la kisima halijathibitika, si kwa Hashimu wala kwa anayempinga. Hakunionea.

Siku hizi kisimani pamepigiliwa kibao. Nasoma kwa kuunganisha herufi, na kila nikienda kuchota naunganisha jina la Hashimu. Kaka nimemzika mara ya pili, safari hii peke yangu.

Basi ukiwa na ukweli juu ya mtu unayemwonea wivu, utoe kama ulivyo, usiongeze hata punje. Na ukiletewa habari tamu ya kumwangusha usiyempenda, hiyo ndiyo ya kuuliza mara mbili: nani aliona? Wivu wenyewe bado ninao, sikufichi. Kanga ile ikianikwa naipita nimegeuza uso.

Mola akujaalie ulimi unaoaminika, siku utakapokuwa shahidi pekee aliyebaki.