Mkono Uliokatazwa Kulisha

Mke wangu ana maradhi ya kulisha watu. Ukisinzia tu kwenye kiti, atakuamsha ule. Ukikataa, atauliza nani kakuudhi. Mimi fundi viatu, kutwa nimekaa kitako, na kitambi hiki mnachokicheka si uzembe wangu.

Kazi yake ni kutunza kalunguyeye katika nyumba ya utafiti, vile vinyama vya miiba vinavyoenea kiganjani. Wakati wa joto wadudu ni tele, na kalunguyeye hula mpaka shingo zikapotea. Baridi ikiingia, wadudu wakaadimika, hujikunja wakalala. Mwili unapoa, moyo unapiga kivivu, pumzi inakuja kama iliyopotea njia. Moto wa ndani wameupunguza ili akiba ya mafuta iwavushe.

Jioni nilikuwa nikimpitia kazini. Chumba chenyewe kilikuwa baridi, taa hafifu, kimya. Nikikaa kwenye kigoda, sijui niko macho au naota. Nilihisi chumba kizima kinavuta pumzi moja ndefu, nami nimo ndani yake. Aa, palikuwa patamu pale! Nilitamani nami nilale hivyo, nisiamshwe.

Kalunguyeye aliyekonda kuliko wote, mke wangu alimwita Kibonge. Siku moja nikiwapo, daktari wa wanyama alimpima uzito, akakunja uso. Wenzake walipungua kidogo kidogo. Yeye alikuwa anaporomoka.

"Mama, kuna mtu anamwamsha huyu?"

Mke wangu hajui kudanganya. "Mimi. Namtia kifuani apate joto, nampa funza wawili watatu. Maskini, si ana njaa?"

"Hana njaa, mama, amelala. Kila akiamka anachoma mafuta mengi kuliko hao funza wako. Ukimwamsha tena, havuki baridi hii."

Nikafoka. Kwa nini hawakusema mapema? Kumbe mlangoni kuna kibao kikubwa: USIGUSE. Miaka yote mke wangu alidhani ni cha wageni.

Njiani alilia. "Nilidhani namlisha, kumbe namla."

Daktari hakumtoa kazini. Alimwachia chumba, na adhabu gani kubwa kuliko hiyo? Mke wangu alikaa mbele ya Kibonge mikono ameibana kwapani, midomo inacheza, asimguse. Nyumbani ndiko nilikokoma: huruma ilikosa pa kwenda, ikanijia mimi kwa sahani.

Baridi ikalegea. Mmoja baada ya mwingine wakaamka. Kibonge kimya. Kila jioni nilimkuta mke wangu amezidi kukonda, nami nikaanza kumwombea kinyama cha miiba, mtu mzima na akili zangu.

Kisha jioni moja nikamkuta ukumbini, ameupa mlango kisogo.

"Daktari kaniita. Ingia wewe. Kama kafa, niambie huku huku nje."

Nikaingia. Kibonge alikuwa amesimama, miguu inayumba kama ya mlevi, pua inanusa. Akajikokota hadi kwenye kisahani, akasita, akatafuna. Nilisikia kabisa: kruchu, kruchu.

"Anakula!" nikapiga kelele.

"Nani anamlisha?"

"Hakuna. Anajilisha mwenyewe."

Mke wangu akakaa chini pale pale ukumbini, na sare yake, akaangua kilio kama mtoto. Daktari alitoka mbio, akainama amshike bega.

"Mwache," nikamwambia. "Mwache alie."