Kapinga na Mgonjwa Aliyeandikwa Amekufa

Mvua inapiga madirisha, na Kapinga amebana simu kati ya sikio na bega, vidole vikiwa kwenye kompyuta. "Mama, baba yako anaitwaka nani? Na unakaaka Kampemba?" Anasikiliza, anasahihisha herufi moja, kisha anapiga namba nyingine.

Kapinga, 43, ni karani wa rejista ya saratani katika hospitali moja ya Lubumbashi. Rejista hiyo ndiyo inayowaonyesha wauguzi nani aitwe kwa matibabu.

Kwa miaka mingi aliifanya kazi hiyo peke yake. Mwaka jana akaletwa Gaëlle, msichana wa miaka 26, mwepesi wa mkono. Haukupita muda, Gaëlle akapelekwa Kinshasa kwenye mafunzo ambayo Kapinga alikuwa ameyaomba mara mbili. Alirudi akiwa mkuu wake.

"Nilisikia wivu mpaka chakula ilinikatala," anasema Kapinga. "Akicheka na badocta, miye moyo inachoma."

Wivu huo ukamfanya apekue kazi ya Gaëlle akitafuta kosa. Akalipata.

Wanawake wawili walioitwa Agnès Chishimba, mmoja wa mtaa wa Kampemba, mwingine wa Kasomeno, nje ya mji, walikuwa wameunganishwa kwenye rejista kuwa mtu mmoja. Wa Kampemba alikuwa amefariki. Basi na wa Kasomeno, mwenye saratani ya titi, akahesabiwa amekufa. Hakuna aliyemwita tena kwa dawa.

Kesho yake kulikuwa na mkutano wa idara. Kapinga alitamani kulitoa kosa lile mbele ya wote.

"Nilishaona uso yake ikianguka," anasema. "Kisha nikawaza: huyu mama wa Kasomeno pengine iko muzima, ugonjwa inamukula. Nikapiga simu palepale."

Mume wa Agnès, Rigobert, ndiye aliyepokea. "Bibi yangu iko hapa, anapika," alisema. "Tulizani mulituacha!"

Kapinga akamweleza Gaëlle, ambaye alilia, kisha akatafuta gari la kumleta mgonjwa. Mkutanoni madaktari walimsifu Gaëlle kwa kumpata Agnès. Aliinamisha kichwa. Kapinga hakulitaja lile kosa.

Agnès ameanza tena matibabu. Siku hizi hakuna majina yanayounganishwa kabla ya kuuliza jina la baba, mtaa na mwaka wa kuzaliwa.

Kapinga ameomba mafunzo kwa mara ya tatu. Safari hii Gaëlle mwenyewe ameweka sahihi kwenye ombi hilo.

"Wivu ingali iko," anasema bila kucheka. "Nikitoka Kinshasa, nitataka ile kiti yake. Lakini nitaikamata na kazi yangu, hapana na kosa yake."