Kidevu cha Kinyozi

Baba yangu alijikata kidevu kwa wembe mbele ya wateja watatu, damu ikashuka hadi kwenye kola, na yeye akaendelea kupiga stori kama kawaida.

Kinyozi wa miaka thelathini huyo.

"Mzee, unatoka damu," mteja mmoja akamwambia.

Baba akajigusa, akaangalia vidole. "Mbona sisikii?"

Kidevu kilikuwa kimekufa ganzi.

Sasa mimi natibu meno. Wiki mbili kabla ya siku hiyo alikuja kwangu ameshika taya, nikamng'oa gego. Maumivu hayakuisha, nikang'oa la pili. Yote mawili yalikuwa mazima, leo nakiri.

Nilipomsimulia mkuu wangu wa kazi habari ya ganzi, akaagiza eksirei. Mama wa watu akaitazama weee, kisha akaniuliza, "Mzee anakojoaje?"

Mkojo na taya wapi na wapi? Nikajisemea huyu kazi imemchosha.

Vipimo vikajibu. Saratani ya tezi dume, tayari imeingia mifupani. Mara nyingi hukimbilia nyonga na uti wa mgongo. Kwa baba ilijionyesha kwanza kwenye taya, mahali ambapo hata madaktari huikuta kwa nadra. Kuponya tena haiwezekani, wakasema. Watajaribu kuituliza.

Niliwaka. Nikamfuata sebuleni.

"Baba, dalili ulikuwa nazo. Kwa nini ulituficha?"

Aliyejibu ni mama, huku anakunja taulo za kinyozi.

"Alikwambia wewe."

"Mimi? Lini?"

"Mwaka juzi, tunakula hapo hapo. Alisema mkojo unamkatikakatika. Ukamjibu, 'Mzee, bomba limezeeka hilo.' Tukacheka wote, na mimi nikiwemo."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata nilivyojiona mchekeshaji siku ile.

"Mwache mtoto," baba akasema. "Alikuwa ananitania tu."

Bora angenitukana.

Siku hizi namnyoa mimi. Nikifika kidevuni ananiuliza, "Umenikata?" Namjibu hapana, hata nikiwa nimemkata, naye ananiamini.

Wewe unayesoma hapa, baba yako akikugusia habari za mkojo wake, jua amejikaza sana mpaka kufungua mdomo. Usilete utani. Mpeleke akapimwe.

Wangu hakusema mara ya pili.